Nakshi ya Libaya Lako Ameichora Nani? Mazungumzo na mafundi wa Keshero

Leo nataka kuzungumza na mafundi wa kushona wa Keshero, hapa Goma, na nawaomba walimu wa hesabu msiondoke, maana mazungumzo haya yanawahusu sana.

Nianze na swali. Mama, lile libaya ulilovaa Jumapili, lenye maua ya uzi shingoni na kwenye mikono, nani alichora yale maua? Fundi alishona, sawa. Tunamjua, tunamlipa, tunamshukuru. Lakini nani aliyechora?

Kwa fundi anayetarizi kwa mkono wake, akishika fremu chini ya sindano na kuizungusha polepole, jibu ni rahisi: amechora yeye mwenyewe. Mkono wake ndio kalamu. Ila sasa mashine za kutarizi zenye kompyuta zimeingia. Mashine ya namna hiyo haichori kitu. Inasoma faili. Mara nyingi faili hilo limefika kwa flashi au kwa simu, limenunuliwa au limepewa na rafiki, na aliyelichora yuko mbali, hamjui Keshero wala Keshero haimjui. Fundi anaweka kitambaa, anabonyeza, anasubiri. Sasa mteja anakuja na kusema: "Fundi, ua hili nalipenda, lakini niwekee petali sita badala ya tano, na ulipunguze kidogo." Fundi anajibu nini? Anajibu kwamba haiwezekani, limekuja hivyo.

Hapo ndipo ninapoumia, wasikilizaji. Vitenge tunavyovaa vimechorwa kwingine kwa muda mrefu. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi ilianza mwaka 1846, na hadi leo mama anayetaka kuonekana kwenye harusi anaulizia waksi ya Hollande. Siwalaumu wamama, kitambaa ni kizuri. Lakini tukipokea kitambaa kilichochorwa mbali, na juu yake tukaweka nakshi iliyochorwa mbali, fundi wetu amebaki na nini? Amebaki kubonyeza.

Basi neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mara nyingi: fundi wa Keshero anaweza kuandika nakshi yake mwenyewe, na hesabu anayohitaji tayari iko mikononi mwake.

Kuandika nakshi? Ndiyo, kuandika. Ngoja nieleze.

Kuna programu inayoitwa TurtleStitch. Imetengenezwa Austria, na aliyeianzisha ni mama mmoja, Andrea Mayr-Stalder. Ni ya bure, haina malipo ya mwezi wala ya mwaka, na inafunguka kwenye intaneti kwa anwani ya turtlestitch.org. Ukiifungua hukuti orodha ndefu ya maandishi ya kutisha. Unakuta vipande vya rangi, na kila kipande kina amri moja. Kimoja kinasema: songa hatua kadhaa. Kingine: geuka kulia kwa nyuzi kadhaa. Kingine: rudia mara kadhaa. Unavuta kipande kwa kidole au kwa panya wa kompyuta, unakishikiza chini ya kipande kingine, basi. Huandiki herufi moja isipokuwa nambari. Kwenye skrini kuna kialama kidogo kinachoitwa kobe. Kobe anafuata amri zako moja baada ya nyingine, na kila anapopita anaacha mshono. Ukimaliza, unahifadhi kazi yako kwa muundo ambao mashine ya kutarizi inausoma, kwa mfano DST, ule uliotokana na mashine za Tajima za Japani. Unaweka kwenye flashi, unapeleka kwenye mashine, na sindano inafuata njia ile ile aliyopita kobe.

Narudia, maana redio haina picha: vipande vya amri, kobe anayetembea, na sindano inayomfuata kobe.

Huyu kobe si mgeni kabisa kwa bara letu. Mmoja wa waliomleta duniani ni Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Mwaka 1967, huko Marekani, yeye na wenzake Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Papert alishikilia jambo moja maisha yake yote: mtoto anaelewa hesabu ya maumbo akiitembea kwa mwili wake. Kutoka Logo wakazaliwa wengine. Mwaka 2007 ikatoka Scratch, ya vipande vya rangi, ambayo leo unaweza kuigeuza isomeke kwa Kiswahili. Baadaye Jens Mönig na Brian Harvey wakatengeneza Snap!, na juu ya Snap! ndipo TurtleStitch ilipojengwa.

Sasa tuache historia, tutembee. Kama uko uani, simama. Usijali mawe ya volkano, tafuta nafasi ndogo iliyo sawa. Tembea hatua nne mbele. Geuka kulia, robo ya mzunguko. Hatua nne tena. Geuka kulia. Hatua nne. Geuka. Hatua nne. Geuka. Uko wapi? Umerudi pale pale ulipoanza, na unatazama kule kule ulikokuwa unatazama. Umechora mraba kwa miguu. Kobe naye ungemwambia hivi: rudia mara 4, songa hatua 50, geuka nyuzi 90. Vipande vitatu tu, na mraba umekamilika.

Sasa mwalimu, tega sikio. Nataka pembetatu yenye pande sawa. Kila kona yake ni nyuzi ngapi? Darasa zima litajibu: 60. Ni kweli. Lakini mwambie kobe ageuke nyuzi 60 mara tatu uone. Hatafunga pembetatu, atakuachia nusu ya umbo la pande sita. Kwa nini? Kwa sababu kobe hapimi kona kwa ndani. Yeye anapima kiasi alichogeuka mwenyewe, na ili arudi nyumbani ni lazima ageuke mzunguko mzima, nyuzi 360. Gawanya 360 kwa 3, unapata 120. Kwa mraba gawanya kwa 4, unapata 90. Kwa umbo la pande sita gawanya kwa 6, unapata 60. Mtoto aliyetembea uani hasahau hilo, maana amelisikia kwenye kisigino.

Na nyota je? Nyota ya ncha tano inayochorwa bila kuinua kalamu. Jaribu kuitembea. Utakuta umezunguka mara mbili kabla ya kurudi. Mizunguko miwili ni nyuzi 720. Gawanya kwa 5: nyuzi 144. Rudia mara 5, songa, geuka 144. Nyota imetoka. Sasa yule mteja wetu aliyetaka petali sita badala ya tano, si umemwona anarudi? Fundi hahitaji faili jipya. Anabadilisha nambari. Kwenye amri za ua lake, palipo na 5 anaweka 6, na 360 anaigawanya kwa 6. Ua limetii.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na narudia: faili la kununua ni umbo moja, lakini nakshi uliyoiandika mwenyewe ni kanuni, na kanuni moja inazaa maumbo mengi. Shati la baba, gauni la mtoto, kitambaa cha meza, vyote vinaweza kutoka kwenye kanuni hiyo hiyo, kila kimoja kwa kipimo chake.

Lakini nisiwadanganye mkadhani kazi yote iko kwenye skrini. Fundi ana elimu ambayo kompyuta haina. Nitoe mfano. Mtu anayeanza TurtleStitch hupenda sana nakshi hii: chora mraba, geuka nyuzi 10, chora mraba mwingine, geuka tena nyuzi 10, mpaka miraba iwe 36 na ua kubwa la duara lipatikane. Kwenye skrini linapendeza ajabu. Lipeleke sasa kwenye mashine. Miraba yote inaanza na kuishia katikati, kwa hiyo sindano inachoma tundu lile lile zaidi ya mara thelathini. Mama fundi, wewe unajua kitakachotokea. Uzi unarundikana chini, unafunga kifundo, kitambaa kinatoboka, au sindano inavunjika kwa mlio unaosikika nje ya kibanda. Mtaalamu wa kompyuta asiyewahi kushona hakuliona hilo. Fundi analiona kabla mashine haijawashwa.

Dawa yake ni nini? Kabla ya kila mraba, mwambie kobe asogee hatua chache kutoka katikati, ili pabaki duara dogo tupu. Kipande kimoja kimeongezwa, na ua limepona. Kuna mambo mengine ya namna hiyo. Mshono mrefu mno unanaswa na kidole au kifungo. Na muundo ule wa DST hauruhusu mshono mmoja kupita milimita 12.1, ukizidi hapo ni lazima ukatwe vipande. Mishono iliyosongamana mno inakikunja kitambaa, na kitambaa chepesi bila karatasi ngumu kwa nyuma kinajikusanya. Nani anayejua haya kuliko mshonaji? Ndiyo maana nasema kompyuta ikikaa peke yake na kijana wa intaneti, bila fundi, itatoa picha nzuri na nguo mbovu. Wakae wote wawili. Kijana alete vipande, mama alete vidole.

Sasa twende mbali kidogo, twende Kasai. Sijaacha mada, nifuateni.

Wakuba wa Kasai wana vitambaa vya raffia ambavyo dunia nzima inavitamani. Wanaume hufuma kitambaa, wanawake huketi na sindano na kutarizi. Wanapitisha nyuzi za raffia chini ya mfumo, wanazikata karibu kabisa na kitambaa, zinabaki zimesimama laini mfano wa mahameli, bila kifundo. Washoowa ndio wanaosifiwa zaidi kwa kazi hiyo. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua miezi. Na tazameni jambo hili: mwanamke yule hachori kwanza. Nakshi iko kichwani. Anaanza kona moja na kuendelea, akirudia, akigeuza, akivunja urudiaji pale anapotaka, mpaka kitambaa kimejaa. Mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa alikuwa na vitambaa hivyo nyumbani kwake, na alivitundika ukutani avitazame.

Mwaka 1971 mwanahesabu wa Marekani, Donald Crowe, aliandika juu ya nakshi za Wakuba. Wanahesabu wanajua kwamba kuna njia 7 tu za kurudia nakshi kwenye ukanda, na njia 17 tu za kuirudia kwenye uso mzima, basi, hakuna nyingine. Crowe alikuta Wakuba wanatumia zote 7 za ukanda, na 12 kati ya zile 17. Wamama wale hawakusoma kitabu cha jiometri. Walikuwa na sindano, walikuwa na kanuni kichwani, na kanuni iliwatii.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kuandika nakshi kwa kanuni ni jambo la Wazungu lililoletwa na kompyuta. Rudia, geuza, sogeza nusu, rudia tena: wamama wa Kongo hii wamefanya hivyo tangu zamani. Kompyuta imekuja kuwakuta.

Na watoto je? Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti mmoja, Emil Torday, alifika kwa Wakuba akawakuta watoto wanacheza mchangani. Walikuwa wakichora mitandao ya mistari kwa kidole, na sharti lilikuwa usiinue kidole na usipite mstari mmoja mara mbili. Wakamwita mgeni ajaribu. Huko Angola na kusini ya nchi yetu, Wachokwe nao wana michoro ya mchangani iitwayo sona, wanayoichora kwa mstari unaozunguka nukta zilizopangwa. Mwanahesabu Paulus Gerdes wa Msumbiji alitumia miaka mingi kuichunguza michoro hiyo.

Kwa nini nawaletea habari za mchanga kwenye mazungumzo ya mashine? Kwa sababu mashine ya kutarizi inapenda sharti lile lile. Kila uzi unapokatika na kuanza upya kuna muda unapotea, kuna ncha ya kupunguza kwa mkasi, kuna mahali pa kufumuka. Nakshi bora ni ile ambayo sindano inaanza pahali pamoja na kwenda mpaka mwisho bila kukata.

Chukueni penseli, watoto, hii ni yenu. Choreni mraba, ndani yake mistari miwili inayokatana kutoka kona hadi kona. Je, unaweza kuuchora wote bila kuinua penseli na bila kurudia mstari? Jaribu. Huwezi. Sasa ongeza paa juu yake, iwe nyumba. Anza kona ya chini, ya kushoto au ya kulia. Sasa inawezekana! Kwa nini? Hesabu mistari inayokutana kwenye kila kona. Palipo na idadi shufwa, unaingia na kutoka. Palipo na idadi witiri, ama unaanzia hapo ama unaishia hapo. Kwa hiyo mchoro wa mstari mmoja hauwezi kuwa na kona za witiri zaidi ya mbili. Mraba wetu wa mwanzo ulikuwa nazo nne. Nyumba imebaki nazo mbili, zile za chini. Leonhard Euler alilieleza hilo mwaka 1736. Fundi akilijua, anaitazama nakshi na kusema kabla ya kuwasha mashine: hii itakata uzi, hii haitakata.

Najua wapo wanaosema sasa: ndugu, unazungumza vizuri, lakini uko Goma gani? Tangu Januari 2025 mji huu umepitia mazito. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa, mteja aliyekuwa anashonesha nguo tatu anashonesha moja, au anarekebisha ya zamani. Umeme unakuja na kuondoka. Mashine ya kutarizi yenye kompyuta ni ghali. Nani ataanza mambo ya kobe?

Nawasikia, na sisemi kila kibanda kinunue mashine. Nasema hivi. Kwanza, kuandika nakshi hakuhitaji mashine ya kutarizi. Kunahitaji kompyuta moja, hata ya zamani, au hata daftari na uwanja wa kutembea. Mashine inahitajika siku ya kushona tu, na mashine moja inaweza kuhudumia mafundi wengi wanaoleta flashi zao. Pili, Snap! inaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta na kutumika bila intaneti, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kobe hata siku ambayo mtandao umelala. Na kama mashine yako haisomi muundo wa DST, ipo programu nyingine ya bure, Ink/Stitch, inayogeuza faili kwa muundo wa mashine za aina nyingi.

Na tatu, hili ndilo la moyoni mwangu. Shule zetu zina sehemu ya kukata na kushona. Mabinti wanafika mpaka mtihani wa taifa, wengi wao wakiwa wameambiwa tangu utoto kwamba wako kwenye kushona kwa sababu hesabu imewashinda. Hilo ni neno baya na si kweli. Anayekata kola ikaenea shingoni anafanya jiometri. Anayegawanya marinda kwenye kiuno anafanya kugawanya. Mpe binti huyo vipande vya kobe, aone nambari yake ikigeuka kuwa ua la uzi kwenye kitambaa chake mwenyewe, kisha umuulize tena kama hesabu imemshinda.

Kwa hiyo nina maombi, na nayataja wazi. Wakuu wa shule zenye sehemu ya kushona, kuanzia Keshero hapa hadi Ndosho na Katindo: toeni alasiri moja kwa juma, mwalimu wa hesabu na mwalimu wa ushonaji waingie darasa moja pamoja. Ninyi vijana mliosomea kompyuta na mnaokaa bila kazi: nendeni kwenye kibanda cha fundi aliye karibu nanyi, mkamwoneshe kobe, na mkae mkajifunze kwake habari za uzi, karatasi ya nyuma na sindano. Na wewe fundi, ukishaandika nakshi yako ya kwanza, ihifadhi kwa jina lako. Anzeni na nyota: mara 5, nyuzi 144.